Nyuzi za Buibui Kwenye Darubini ya Mwalimu Hhando

Siku ile nyumbani kwetu Mbulumbulu tulikuwa wanne: baba yangu Tluway, mama yangu Paulina, Mwalimu Hhando aliyemwoa shangazi Marselina, na mimi Basilisa, mtoto wa kwanza wa nyumba ile. Wadogo zangu walikuwa machungani na ndama, hao siwahesabu.

Ninyi mliokua wakati wetu mnakumbuka mgeni wa heshima alivyopokelewa. Sakafu ilisiribwa samadi mbichi, masizi yakakwanguliwa, utando wa buibui ukaondolewa kila pembe. Na Mwalimu alikuwa anakuja kunichukua mimi. Nilikuwa nimemaliza darasa la nne, na alishamwambia baba nitakaa kwake nisome la tano mpaka la nane. Wasichana wa kwetu waliopata bahati hiyo ungewahesabu kwa vidole, na vingine vingebaki.

Darubini yake ilikuwa imekaa kwetu wiki mbili, maana nyumba yake ilikuwa inaezekwa upya. Darubini hiyo aliachiwa na mzungu mmoja mkulima wa ngano. Juu ya bomba kubwa palikuwa na kijibomba cha kutafutia nyota, kabla hujachungulia kwenye lile kubwa. Asubuhi ile, katika kufagia, nikakichungulia. Nikaona unywele umesimama wima na mwingine umeukatiza. Uchafu! Nikazungusha kifuniko, nikafuta kwa ncha ya khanga mpaka pakang'aa. Nikajisifu.

Mwalimu alipofika alichungulia kijibomba, akanigeukia. "Msalaba wangu uko wapi?"

"Msalaba gani, Mwalimu?"

Sikuelewa, na hata leo sijaelewa vizuri kwa nini mtu aweke unywele kwenye kioo kwa makusudi. Akasema nyota huwekwa pale nyuzi zinapokutana. Bila hizo unapapasa mbingu nzima. Nikaona shule inaondoka hivi hivi.

Baba akaenda machungani kung'oa unywele wa mkia wa ndama. Tulipouweka, ukichungulia unauona mnene kama nguzo ya zizi. Uzi wa kushonea nao ulionekana umeota manyoya. Mwalimu akasema dawa ni uzi wa buibui.

"Buibui nimewafagia wote kwa ajili yako, shemeji," mama akasema.

"Mama Basilisa! Hata mmoja wa kunisalimia hukuniachia?"

Wakacheka. Mimi nilikimbilia banda la mbuzi, nikampata mmoja. Baba akakata kijiti chenye panda, nikauzungusha uzi pale. Vidole vyao vilikuwa vinene, kwa hiyo ni mimi niliyeulaza kwenye pete ya shaba iliyokuwa ndani ya kijibomba, mmoja wima, mmoja umekatiza, na kuushikiza kwa nta ya nyuki, nimebana pumzi. Mwalimu akaelekeza kwenye mti mmoja ukingoni mwa msitu wa Ngorongoro, akakaza skurubu mpaka mti ukakaa katikati kwenye mabomba yote mawili. Kwenye lile dogo ulisimama kwa kichwa, jambo lingine lisiloniingia akilini. Lakini msalaba ulikuwa mwembamba kuliko ule niliofuta.

"Mkono wake hautetemeki huyu," akasema.

Kisha yeye na baba wakatoka nje kuzungumza. Waliporudi, Mwalimu alinishika kichwa, akabeba darubini yake, akaenda. Sanduku langu la bati likabaki mlangoni.

"Liingize ndani," mama akasema, "mvua inakuja."

Hakuna aliyeniambia zaidi.

Leo mjukuu wangu Neema anaonyesha wageni nyota kwenye hoteli moja hapa Karatu. Darubini yake haina nyuzi, ina kitone chekundu cha betri. Juzi betri ilikufa, akashinda anabonyeza simu akingoja nyingine kutoka Arusha. Nilipomwambia aniletee buibui, alipanda juu ya kiti. Msomi wa chuo! Lakini Neema akikataliwa jambo humwuliza baba yake, "Kwa nini?" na hujibiwa. Sisi tulijua kusiriba, kukamua, kutega uzi wa buibui. Kuuliza hatukujua.

Baba, mama na Mwalimu wote wametangulia. Mimi nimeishi nikiamini nilijifutia shule kwa ncha ya khanga. Mdogo wangu Gwandu anasema sivyo, mama alikuwa mjamzito na baba hakuona nani wa kumsaidia. Sijui. Kama kati yenu yupo wa Mbulumbulu ambaye wazee wake walisikia yaliyosemwa pale nje, anisahihishe. Ningefurahi kuwa nimekosea.