Jumamosi ya Sindano

Sindano yenyewe si kitu. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia kwamba najidunga mwenyewe wanakunja uso na kushika mapaja yao, kana kwamba nitawadunga wao. Ni sindano fupi iliyojazwa dawa tayari, na inakaa kwenye mlango wa friji karibu na mayai. Ijumaa nikitoka shuleni naitoa, naiacha mezani nusu saa ipoteze baridi, nanawa mikono, napangusa paja kwa pamba yenye spiriti, nabana nyama kidogo kwa vidole viwili, nadunga, nahesabu hadi kumi. Basi. Mwiba wa mgunga unauma zaidi. Kama umeanzishiwa dawa ya namna hii juzi na mkono bado unakutetemeka, usijilaumu. Baada ya wiki chache utakuwa unadunga huku ukiwauliza watoto kama wamemaliza kazi ya shule.

Kinachokuja baadaye ndicho sijui kukieleza, na mimi kazi yangu ni kueleza. Nafundisha gredi ya nne hapa Kitengela. Nimewafundisha watoto sehemu kwa kukata chapati, na nikawafundisha jinsi dunia inavyozunguka kwa chungwa na tochi. Ugonjwa wangu niliwaeleza wanangu bila shida: unaitwa baridi yabisi, na maana yake ni kwamba askari wanaolinda mwili wamechanganyikiwa na sasa wanampiga mwenye nyumba, hasa kwenye vidole, viwiko na magoti. Dawa inawanyang'anya askari hao rungu. Watoto wakaelewa, mdogo akauliza rungu zinawekwa wapi.

Lakini uchovu wa Jumamosi ulinishinda kueleza. Si usingizi, kwa sababu mtu mwenye usingizi akilala anaamka amepona. Si ule wa kufua nguo za watu watano. Naamka nikiwa na akili yangu yote, naona kikombe kiko juu ya meza hatua nne kutoka kitandani, na naweza kukitazama dakika ishirini nikipanga nitakifikiaje. Mikono ipo, haiumi. Ni kama mtu ameingia usiku akafungulia bomba chini ya mgongo wangu, na kila kilichokuwa ndani kikamwagika. Jumapili baada ya kanisa naanza kujaa tena, polepole. Jumatatu niko mbele ya darasa na chaki, na hakuna anayejua.

Niliichagua Ijumaa kwa sababu hiyo. Wanafunzi hawangenikosa, wala mwalimu mkuu. Jumamosi ingekuwa yangu ya kuanguka. Nilichosahau ni kwamba Jumamosi si yangu. Huku kwetu harusi, matanga, posa na kutembelea wakwe vyote ni Jumamosi.

Wakwe zangu wako Kisaju, upande wa ndani, mahali ambapo bado kuna ng'ombe kati ya nyumba mpya za mabati. Mume wangu ndiye mtoto wa kwanza. Mimi wazazi wangu walitoka mkoa wa Kati wakanunua ploti Kitengela nikiwa mdogo, kwa hiyo nilipoolewa mama mkwe aliwatangazia majirani kwamba ameletewa trakta. "Hawa wa milimani hawaketi," alisema. "Hata akiwa mgonjwa anapalilia." Ulikuwa mzaha, lakini nilijivunia sana. Mtoto wa watu wa shamba kupendwa katika boma la wafugaji si jambo la siku moja, na mimi nilipendwa kwa mikono yangu. Niliosha vibuyu vya maziwa na kuvifukiza kwa kijinga cha moto cha mzeituni mwitu mpaka mama mkwe akaacha kunikagua. Baba mkwe alinipa ng'ombe jike siku niliyoingia kwake, na tangu siku ile, kwa desturi yao, tunaitana Pakiteng', kwa maana ya watu ambao ng'ombe alipita kati yao. Hajawahi kuniita kwa jina lingine.

Kwa hiyo ugonjwa ulipokuja niliuficha. Mume wangu alijua, watoto walijua. Wakwe niliwaambia kwamba shule imeanzisha masomo ya Jumamosi. Karibu miaka miwili sikuonekana Kisaju siku hiyo. Nilikwenda Jumapili jioni au siku za likizo, nikafanya kazi za wiki nzima kwa saa tatu ili nisisahaulike. Nilichoogopa hakikuwa maumivu. Niliogopa kwamba siku wakijua, sitakuwa tena mtu wa mle ndani.

Kisha wifi yangu mdogo akapata mchumba. Katika boma lile chai ya wageni wa posa hupikwa na mke wa mtoto wa kwanza, si mwingine. Ni chai ya maziwa matupu, na wazee wanaokuja kuposa huinywa kabla hawajasema neno. Siku ilipangwa Jumapili alasiri. Nilishukuru kimoyomoyo, kwa kuwa Jumapili alasiri ningekuwa nimeshaanza kusimama. Ijumaa nikajidunga saa kumi na moja kama kawaida.

Saa kumi na mbili simu ikalia. Ilikuwa wifi.

"Mama watoto, wamebadilisha. Wanakuja kesho."

"Kesho Jumamosi?"

"Si mzee wao ni wa kanisa? Jumapili wako na harambee ya kuezeka paa. Amekataa kabisa. Kwani uko na masomo? Waambie hao watoto wajifunze wenyewe siku moja."

Nikasema nitakuja. Nilipokata simu niliketi nikitazama paja langu, mahali palipobaki kidoa chekundu kidogo kama alama ya mbu. Kama simu ingekuja saa kumi, ningempigia muuguzi wa kliniki na kumuuliza kama ninaweza kusogeza sindano. Dawa ikishaingia haitoki. Nilifahamu kwa karibu saa kamili jinsi kesho itakavyokuwa, na hapakuwa na kitu hata kimoja cha kufanya juu yake.

Mume wangu alisema, "Wacha niwaambie ukweli."

"Usiwaambie. Nitapika chai, nikimaliza nitalala kwa gari."

"Na ukishindwa?"

"Kupika chai tu?"

Asubuhi alinivalisha viatu. Aliweka mto kwenye pikapu upande wangu, na tukaenda kwa barabara ya Namanga nyuma ya lori la mawe, nikiwa nimefunga macho na kujiambia kwamba ni sufuria moja tu, ni moto tu, nimeshapika chai mara elfu.

Mama mkwe alinipokea mlangoni, akanisalimu kwa lugha yao. "Takwenya."

"Iko," nikajibu, na hata neno hilo dogo nililisikia likitoka mbali.

"Leo umekonda. Hao watoto wa shule wanakukula," akasema, akanielekeza jikoni. Maziwa yalikuwa tayari kwenye sufuria kubwa juu ya mafiga, lita kama ishirini, yaliyokamuliwa asubuhi ileile. Wifi alikuwa anamenya viazi, amesukwa nywele, amevaa shanga mpya shingoni. Mke wa shemeji yangu, aliyeolewa mwaka jana tu, alikuwa anapanga vikombe. Kazi yangu ilikuwa kukoroga na kutazama. Hakuna kazi nyepesi kuliko hiyo katika boma zima.

Nilikoroga nikiwa nimesimama, kisha nikiegemea ukuta, kisha nikageuza mtungi wa plastiki nikaketi juu yake. Nilimsikia wifi akinisimulia jinsi mchumba alivyoogopa mbwa wetu. Nilicheka mahali pa kucheka. Nakumbuka niliona maziwa yakianza kupanda pembeni, utandu ukijikunja. Nilijua ni lazima niinue mwiko au nipunguze kuni. Nilijua vizuri kabisa. Nikauambia mkono uende, mkono ukabaki juu ya goti.

Maziwa yakafurika motoni.

Ukitaka kuwatia huzuni watu wa ng'ombe, mwaga maziwa yao kwenye moto. Harufu ilijaa jikoni, ikatoka nje mpaka kwenye zizi. Wifi alirukia sufuria akaiteremsha kwa khanga yake.

"Wewe, unalala? Wageni wako hapo kwa geti."

"Silali."

"Basi ulikuwa unaangalia nini?"

Mama mkwe aliingia, akatazama majivu meupe, akanitazama mimi. "Trakta imezimika," akasema. Mke wa shemeji akacheka, kwa sababu ulikuwa mzaha. Mama mkwe mwenyewe hakucheka.

Nilitaka kusimama niombe msamaha vizuri. Nilifika nusu, nikarudi kwenye mtungi, na machozi yakaanza kutoka bila sauti, jinsi yanavyotoka kwa mtoto aliyechoka. Hapo ndipo kivuli kilipofika mlangoni. Mkwe mwanamume haingii jikoni mwa wanawake. Baba mkwe alisimama nje, fimbo mkononi, akaongea akiangalia pembeni.

"Pakiteng', ni nini?"

Nimeeleza mambo mengi maishani, na sijawahi kueleza vibaya kama siku ile. Nilianza na askari na rungu, nikarukia friji, nikasema masomo ya Jumamosi hayapo, hayajawahi kuwepo. Hakuna aliyenielewa. Mwishowe nikasema tu, "Nilidungwa sindano jana."

"Ni nani alikudunga?"

"Mimi mwenyewe."

Mzee yule amedunga ng'ombe tangu ujana wake. Anajaza bomba la sindano akiwa anatembea, anamshika ndama kwa goti, anajua dawa ipi ni ya shingo na ipi ni ya paja.

"Wapi?"

Nikaonyesha paja.

"Kila wiki?"

"Kila Ijumaa. Huu ni mwaka wa pili."

Aliwageukia wanawake. Hakupandisha sauti. "Ng'ombe aliyedungwa hapelekwi malishoni siku ya pili. Anaachwa hapa karibu na boma, analetewa maji. Hamjui hiyo? Mnamwekaje huyu kwa moto?" Kisha akaenda kuwapokea wageni wake.

Mama mkwe alinishika kwapani, akaniinua, akanipeleka kwenye kitanda chake mwenyewe. Alinivua viatu. Alinifunika shuka lake jekundu linalonukia moshi na mafuta ya kondoo. Kupitia ukuta wa mabati niliwasikia wageni wakiketi, kikohozi cha mzee wa kanisa, na mke wa shemeji akimimina chai ambayo ilibaki. Walisema ni tamu. Nililala hapo nikiwa nimepumzishwa na nimesamehewa, na nilijua kwamba nimeshapoteza kile kitu nilichokuwa nakilinda.

Maana tangu siku ile sijagusa kazi Kisaju. Nikiinama kuokota ufagio, mtu ameshauchukua. Nikinyoosha mkono kwenye kibuyu, kinaondolewa, kwa upole, kama unavyomwondolea mtoto kisu. Wifi, ambaye sasa ameolewa na yuko kwake Ewuaso, hunipigia Jumamosi kuniambia nisiamke. Hawanisemi vibaya. Majirani wanaambiwa kwamba mama watoto ana ugonjwa wa damu, mumwache. Kama uko na mtu wa namna yangu nyumbani kwako nakuomba jambo moja dogo, kwa nia njema kabisa: muulize ni siku gani. Wengi wetu hatuumwi wiki nzima.

Hilo nilijaribu kumfundisha mama mkwe. Likizo iliyopita niliketi naye nikapanga maharagwe saba juu ya meza, moja kwa kila siku ya wiki. "Haya ni Ijumaa usiku mpaka Jumapili mchana," nikasema, nikasogeza mawili kando. "Haya matano, mama, mimi ni mzima. Nafundisha watoto sitini. Nabeba maji."

Aliyatazama kwa makini. Yeye ni mtu wa kusikiliza. Kisha akayakusanya yote saba kwenye kiganja chake, akayafunga.

"Ni ya mtu mmoja," akasema. "Nikuhesabie mguu huu ni mgonjwa, huu si mgonjwa?"

"Lakini mama, ninaweza."

"Najua unaweza. Ndiyo maana ulinidanganya miaka miwili."

Jibu la hilo nalitafuta hata sasa, nikisahihisha madaftari, nikingoja sindano ipoteze baridi pale mezani.

Mara ya mwisho nilikwenda Jumatano, shule zikiwa zimefungwa. Nilikuwa mzima kweli, vidole vyote vinakunjika, ningeweza kuchota maji ya ng'ombe hamsini. Walikuwa wanatarajia wageni wengine, jamaa za mkwe wetu mpya, na sufuria ilikuwa tayari motoni. Nilipitia mlango wa jikoni. Mama mkwe akanitokea na kiti cha plastiki, akakiweka kivulini, akakipangusa vumbi kwa mkono.

Baba mkwe alikuwa zizini. "Pakiteng', umedungwa?"

"Hapana, baba. Leo ni Jumatano."

"Sawa," akasema. "Kaa tu."

Nikakaa. Kutoka jikoni mke wa shemeji akauliza kwa sauti, majani ya chai yawe vijiko vingapi kwa maziwa yale. Nilikuwa najua. Nilifungua mdomo, na mama mkwe akawa ameshamjibu.