Musembi na Kurasa za Mwisho

Kila aliyevuka feri ya Kilifi miaka ile alimjua Musembi, Mkamba wa vitabu vikuukuu. Alivitandaza juu ya gunia upande wa Mnarani, pale foleni ilipongojea feri, na mdomo alijaliwa. Angekusimulia kisa mpaka utamani feri ichelewe, halafu angekatiza penye utamu na kukukabidhi kitabu. Sisi wauza chai tulimwita Profesa. Hatukujua kwamba Profesa alisoma nusu tu. Nusu ya kwanza, alikuja kukiri mwenyewe, ndiyo inayouza.

Siku moja alikuja Harusi, binti wa Takaungu, akaokota kitabu chenye kisa cha kijana aliyekwenda ng'ambo kutafuta kazi.

"Huyu kijana hurudi kwao?" aliuliza. "Nambia kweli, kaka. Namsomea mama, macho yake hayaoni tena. Na ndugu yangu Zein yuko Uarabuni, hatuna habari zake tangu mwaka jana."

Musembi alikuwa amefika pale kijana anapopanda meli, basi. Mtu mwingine angesema sijui. Yeye aliapa.

"Haki ya Mungu anarudi, dada! Tena na masanduku. Mimi nimekisoma mpaka mwisho."

Harusi akakinunua. Wiki chache baadaye alirudi, na hakuja kununua. Alisema kwa sauti ya chini, iliyouma kuliko matusi:

"Yule kijana amekufa huko huko. Nimesoma mbele peke yangu, mama hajui. Kila jioni aniuliza mbona sisomi. Sasa njoo ummalizie wewe, maana wewe wakijua mpaka mwisho."

Foleni iliangua kicheko, na mimi nilikuwamo. Musembi masikio yalimwaka kwa aibu. Akakunja gunia lake mchana kweupe, akamfuata Takaungu.

Mama alikuwa amekaa mkekani ukumbini, mlango wa nje umeachwa wazi kwa kuwa mgeni ni mwanamume.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Harusi kanambia wasoma vizuri."

Musembi akaanzia pale Harusi alipoachia. Kijana aliugua. Kisha macho yake yakaiona mistari ya chini, akafanya lile alilolizoea: akabuni. Kijana akapona, akapanda meli, akashuka Mombasa na masanduku, mama yake akapiga vigelegele. Nadhani hicho kilikuwa kisa kitamu kuliko vyote alivyowahi kutusimulia. Harusi aliinamisha uso asimtazame Musembi.

Mama alisikiliza mpaka Musembi akamaliza.

"Mbona hukufunua karatasi hata moja?" aliuliza.

Musembi akainamia ukurasa uleule.

"Soma yaliyoandikwa, mwanangu."

Akasoma. Alisoma jinsi kijana alivyokufa na kuzikwa na watu wasiomjua jina, mpaka ukurasa wa mwisho. Katika vitabu vyote alivyotusifia, hicho ndicho cha kwanza kukimaliza. Mama alilia kimya, akajifuta kwa ncha ya leso yake, akamwambia Harusi amletee mgeni kahawa. Afadhali angemfukuza. Kile kikombe kidogo kilimshinda kumeza.

"Harusi hakukuuliza kwa shauri lake," mama akasema. "Mimi nilimtuma. Nilimwambia, tafuta kitabu cha mtu aliyesafiri, umuulize anayekijua kama msafiri hurudi. Nikasema, jibu lake ndilo fali ya Zein: msafiri akirudi, naye atarudi. Akaja akanambia yuwarudi, tena na masanduku."

"Nisamehe, mama," Musembi alisema, na neno lenyewe akaliona halitoshi.

"Tangu siku hiyo chumba cha Zein chafagiliwa kila asubuhi."

Musembi aligeuka. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, na kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka jipya.