Nilivyomnenepesha Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu alitimiza mwaka akiwa na kilo tano na nusu. Akinyonya kidogo tu, jasho linamtoka kichwani, anaachia titi, anahema. Daktari wa Morogoro alisema amezaliwa na tundu kwenye moyo, na hawampasui mpaka afikishe kilo nane. Tundu! Katika ukoo wetu hapa Ruhembe nani aliwahi kuwa na moyo uliotoboka? Mimi nilishajua. Mkwe wangu, binti wa Malolo, alikuwa amembemenda mtoto: ananyonyesha huku anatembea na mwanamume mwingine. Nikamwambia hivyo bombani, mbele ya wanawake wenzake, kwa sauti.

"Mama, haki ya Mungu, sijatoka nje," akasema huku analia.

"Nyamaza! Maziwa yako ni sumu."

Nikamnyang'anya mtoto. Nikamlisha mwenyewe, uji wa karanga na supu ya kuku iliyokolea chumvi. Ile dawa ya hospitali ya kumkojoza nikaimwaga chooni. Mtoto amekonda hivyo, akojoe nini tena?

Wiki ya tatu mashavu yakajaa. Miguu ikanenepa, viatu havipiti. Kliniki mizani ikasoma kilo saba na nusu, nikapiga vigelegele mpaka foleni nzima ikageuka. "Mmeona?" nikawaambia. "Shida ilikuwa mama yake."

Nesi hakucheka. Alibonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba, akakiondoa. Kishimo kikabaki pale pale.

"Bibi, haya ni maji. Moyo umezidiwa. Dawa yake iko wapi?"

Nikamfunika mtoto miguu kwa kanga.

Wodini wakamrudishia dawa, akakojoa siku mbili, mizani ikashuka mpaka kilo tano. Nesi akamwambia mama yake amnyonyeshe kidogo kidogo. Mkwe wangu akafungua kifua, akakamua, akakamua. Maziwa yalishakauka. Mtoto alikufa Alhamisi ya wiki ile, mchana, watu wako mashambani.

Mwanangu aliniamini mimi, akampa mkewe talaka. Mwaka huu kuna watu wanataka kumposa yule binti. Wakapita kwangu kwanza, wakaniamkia kwa adabu, wakauliza yule mtoto alikufa na nini.

Nikisema moyo, wataulizia dawa.

Nikawaambia alibemendwa.