Miche Mia ya Kasheshe

Mtoto wa marehemu dada yangu tunamwita Kasheshe, na wala hatumsingizii. Shule aliiachia njiani. Saluni alimnyoa bibi harusi nyusi za upande mmoja. Dukani alifukuzwa kabla ya chai. Ulipokuja mradi wa kuwafundisha vijana wasio na kazi kutunza msitu, nilimsukuma mwenyewe hadi getini. "Ukishindwa hapa," nikamwambia, "sina pengine pa kukupeleka." Na kweli sikuwa napo.

Mtihani ulikuwa mmoja: kila kijana aoteshe miche mia ya miti ya asili. Ikipona themanini, anapata cheti na ajira. Kasheshe alimwagilia, akapalilia, mpaka akaiimbia. Siku ya ukaguzi, miche ya wenzake ilifika kwenye vifundo vya miguu. Yake ilifika magotini. Nikavimba kichwa, nikasogea mbele ili mwalimu ajue huyu ni wa kwetu.

Mwalimu, ambaye kwa kuzungukia vitalu sita alikuwa hajafika kwenye hiki tangu siku ya kupanda, akashika jani, akanusa, akavua miwani.

"Binti, haya ni magugu. Ndiyo haya haya tunayolipwa kuyamaliza."

Yote mia! Kumbe kila alipopalilia aling'oa miti, maana ilikuwa myembamba, akabakiza magugu kwa kuwa yalikuwa na afya.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wenzake walicheka hadi mmoja akakalia mbolea. Mwalimu akaagiza panga.

"Usifyeke, Mwalimu!" Kasheshe akadakia. "Ukilikata juu linakudharau tu. Mimi nililivunja kwa bahati mbaya mara tatu, likarudi na ndugu zake. Lowesha udongo, shika hapa chini, zungusha, ndiyo uvute."

Akavuta. Likatoka zima, na mzizi mrefu kama mkono wake.

Kicheko kikakatika. Miaka miwili mwalimu na watu wa msitu walikuwa wakilifyeka gugu lile, nalo linarudi.

"Cheti cha miche hupati," mwalimu akasema. "Lakini kesho saa moja uje uwafundishe hawa kung'oa. Kwa mshahara."

Nililia palepale, wala sioni haya kusema.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kung'oa yale yake yaliyobaki. Aling'oa tisini na nane, huku akiyaomba radhi. La mia nimelikuta jana nyuma ya bafu, kwenye ndoo yangu ya kufulia, limetandiwa shuka langu lisipigwe na jua.

"Hilo la kumbukumbu tu, mama mdogo."

Nikamwaga maji, nikashika chini, nikazungusha, nikavuta. Kasheshe akaukagua mzizi taratibu, uso mkavu.

"Themanini kwa mia," akasema. "Umepita."