Sauti Nne za Mama

Mama alinipa simu yake nikiwa bado na mswaki mdomoni. Kwenye kioo cha simu kulikuwa na sentensi moja tu: ukurasa huu umefungwa kwa kukiuka kanuni za jumuiya.

"Jumuiya gani?" akaninong'oneza. "Ya kwetu ya kanisa tulikuwa pamoja Jumatano na hakuna mtu ameniambia nimekosea."

Mama hunong'ona tu siku hizi. Goita ilipotolewa shingoni, sauti yake ilitoka nayo. Daktari alikuwa amemwonya mapema, na ndiyo maana kabla ya upasuaji alijifungia jikoni kwetu Kitale akiwa na simu, akarekodi kila wimbo aliowahi kutunga. Yeye ni mwalimu wa kwaya, na kwaya yake ni ya watu waliotawanyika: wengine Kitale, wengine upande wa Bungoma. Hukutana Kimilili mara mojamoja, Jumamosi, kwa kuwa ndiko katikati. Siku nyingine kila mtu hujifunza kwake kwa kusikiliza rekodi. Mama haandiki noti. Anasema nusu ya waimbaji wake hawazisomi, na nusu nyingine wanadanganya kwamba wanazisoma.

Rekodi alizipandisha kwenye ukurasa wake katika kampuni moja kubwa ya video. Baadaye simu aliyorekodia ikaibiwa sokoni. Hakujali. "Zote ziko huko juu," alisema, kwa imani ileile anayoitumia kuzungumzia mbinguni.

Sasa huko juu kulikuwa kumefungwa. Kwaya ilitakiwa kuimba Bungoma mwezi uliofuata, kwenye mkutano wa kwaya zote, na wimbo waliotarajiwa kuuimba ulikuwa wa mwisho katika zile alizorekodi jikoni. Walikuwa wameujaribu kidogo tu. Mama hakuweza kuuimba upya. Kama rekodi ilikuwa imepotea, basi wimbo ulikuwa umepotea, pamoja na sauti iliyoutunga.

Niliandika rufaa. Mashine ikanishukuru. Nikaandika tena, na mashine ikanijulisha kwamba uamuzi umekwisha kutolewa. Nilitafuta nambari ya kupiga, anwani ya kwenda kubisha, jina la mtu. Hapakuwa na mtu. Mpaka leo sijui kosa lilikuwa nini.

Chuo kikuu nilikuwa nimewachosha marafiki kwa jambo hilihili. Kwa nini, niliwauliza, picha ninayomtumia jirani ipite kwanza katika ghala la tajiri ng'ambo ya bahari? Kwa nini tusiwe na mtandao wa simu kwa simu, usio na mlango wala mlinzi, ambao kila mashine inahifadhi kitu na kumgawia anayekihitaji? Walinicheka. "Wewe hata ukipewa maji ya bure utauliza bomba ni la nani," mmoja aliniambia. Ndiyo, ningeuliza. Na bomba ni la nani?

Mama alituma ujumbe kwa kwaya: nani ana ule wimbo? Majibu yalianza kuingia kabla chai haijapoa. Kijana wa boda wa hapa Kitale, anayeimba sauti ya tatu, alipiga simu kabisa.

"Mwalimu, mimi niko na third peke yake. Si ulisema ukipata mtu na ya wengine utamchapa?"

Ni kweli alisema. Hiyo ndiyo njia yake ya kufundisha. Anaamini kwamba mtu wa sauti ya pili akiisikia ya kwanza kabla hajaiva, atavutwa. Kwa hiyo kila sauti alikuwa ameirekodi peke yake na kuiwekea kiungo chake, na kila kundi lilipewa kiungo chake tu. Walioogopa gharama ya bando walikuwa wameipakua mara moja na kuihifadhi kwenye simu. Kwa hiyo katika kwaya nzima hapakuwa na hata mtu mmoja aliyekuwa na wimbo, ila kila mmoja alikuwa na robo yake.

Mama aliketi. Mimi nilisimama, nikaanza kuzunguka jikoni.

"Mama, unaona? Hivi ndivyo inavyofanyika! Faili linakatwa vipande, vipande vinakaa kwa watu, halafu anayelitaka anakusanya. Umetengeneza mtandao bila kujua!"

"Nimetengeneza shida, maitu," akasema. Ananiita maitu, yaani mama, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. "Kunywa chai."

Sikunywa. Kuna programu huria niliyokuwa nikiijaribu tangu chuoni: inaunganisha folda za simu na kompyuta moja kwa moja, bila ghala la kampuni katikati. Simu mbili zikiwa karibu, zinapeana zisichokuwa nacho, hata bila bando. Zikiwa mbali, zinatafutana kupitia intaneti. Niliiweka kwenye kompyuta yangu na simu ya mama, kisha nikaenda stendi ya boda kwa yule kijana. Sauti ya tatu ikahama kutoka mfukoni mwake hadi mkononi mwangu tukiwa tumesimama kando ya pikipiki.

"Na hii si virusi?" akauliza.

"Nani amekwambia ni virusi?"

"Hakuna. Nauliza tu. Si wewe ndio huuliza kila kitu?"

Sauti ya kwanza haikunisumbua, maana waimbaji wake wengi wako Kitale. Ya nne ilinipeleka Kimilili, kwa mzee fundi seremala ambaye ndiye nguzo ya besi. Nilisikia wimbo kabla sijafika mlangoni: alikuwa ameweka memori kadi kwenye redio ndogo, na sauti ya mama, ile ya zamani, ilikuwa ikiimba besi kwa oktava ya juu huku randa ikipita kwenye ubao. Nilisimama kidogo nje. Besi peke yake haina maana yoyote, ni kama mtu anayejibu maswali usiyoyasikia. Lakini ilikuwa ni yeye.

"Kuka, nimekuja kuchukua wimbo," nikamwambia, nikimwita babu kwa lugha yake.

"Unaupeleka wapi?"

Nilimweleza. Nilimweleza kwa muda mrefu, nadhani. Alisikiliza, akapuliza vumbi la mbao kwenye kadi, akaitia kwenye simu yake.

"Sasa hii kitu yako haina mwenyewe."

"Haina."

"Mimi nimekaa kwa kamati za maji, za barabara na za kanisa. Kitu haina mwenyewe, mama, huwa inaharibika na hakuna mtu wa kuuliza."

"Na yenye mwenyewe ikiharibika, kuka, umeshapata wa kumwuliza? Sisi tumeuliza. Tumejibiwa na mashine."

Akacheka mpaka akakohoa. "Haya, weka. Lakini ikikula nyimbo zangu zingine nitakuja Kitale kwa miguu."

Sauti ya pili ndiyo iliyonishusha kiburi. Kiongozi wake ni mama mmoja mfanyabiashara wa Kamukuywa, anauza maharagwe. Nilimtumia programu, naye akanitumia rekodi yake siku hiyohiyo. Nikaisikiliza: ubeti wa kwanza, wa pili, kisha katikati ya neno, kimya. Simu yake ilikuwa imejaa wakati wa kupakua, faili likakatika. Nikawaomba waimbaji wengine wa sauti ya pili. Zote zilikatikia palepale, kwenye neno lilelile, kwa sababu wote walikuwa wamechukua kutoka kwake ili kuokoa bando. Mtu kwa mtu, simu kwa simu, walikuwa wamesambaza upungufu kwa uaminifu kabisa.

Nilimwambia mama ukweli huo kwa shingo upande.

"Kwa hivyo mtandao wako unabeba hata makosa," akanong'ona.

"Unabeba kila kitu."

"Na mtu akiweka uchafu huko, nani anautoa?"

Nilisema kila mtu anaamua anachokihifadhi. Aliniangalia kama anavyomwangalia mwimbaji aliyejifanya anasoma noti.

Kisha akakumbuka. Kulikuwa na mwimbaji wa sauti ya pili aliyeolewa Lwakhakha, kule mpakani, akaacha kuja mazoezini. Yeye alikuwa amepakua mwenyewe kutoka kwenye ukurasa. Tulimpigia. Alikuwa nayo hiyo sauti ya pili, nzima, huisikiliza akifua. Lakini bando kwake lilikuwa jambo la bahati, na mara mbili alipojaribu kuituma ilikwama.

"Mimi naenda Lwakhakha Alhamisi kuchukua maharagwe," akasema yule mama wa Kamukuywa nilipompigia. "Niambie nifanye nini. Lakini niambie kama mtu mzima, si kama kompyuta."

Nikamwambia kama mtu mzima. Programu tayari alikuwa nayo. Angempa mwenzake moja kwa moja, simu kwa simu, kwa sababu programu yenyewe ni faili kama faili lingine, haihitaji duka la mtu. Angewasha sehemu ya kushirikisha mtandao, mwenzake aunge, waweke simu pamoja, wanywe soda.

"Hiyo ya soda iko kwa maagizo?"

"Ndiyo. Inachukua muda."

Alhamisi sikufanya kazi yoyote ya maana. Mchana alinipigia kutoka Lwakhakha, nyuma yake watu wakipakia magunia. "Imeandika imemaliza! Na sikuweka bando hata kidogo, bana! Imepita hivi tu, kama homa!" Nikapiga kelele, mbwa wa jirani akaanza kubweka. Wimbo ulikuwa umepona, uko ndani ya kikapu kwenye lori la maharagwe, na hakuna kampuni yoyote duniani iliyojua.

Niliweka kompyuta juu ya meza ya jikoni na kuifungua ile folda. Mama aliendelea kuchambua mchele, akijifanya hangoji. Alasiri, bila onyo, mstari mdogo wa kijani ukaanza kutembea. Simu ya yule mama ilikuwa imefika mahali penye intaneti, labda Kimilili, na bila yeye kuigusa ilikuwa imeitafuta kompyuta yangu na kuanza kuigawia kilichokosekana. Mstari ukasimama. Ukaendelea. Nimesoma vitabu vizima kuhusu jambo hili, nimebishana juu yake hadi watu wakanikimbia, lakini sikuwahi kuliona likitokea kwa kitu ninachokipenda. Nilimshika mama bega, mchele ukamwagika.

Tulizipanga sauti nne pamoja. Ilikuwa rahisi, kwa sababu kila rekodi huanza na mama akigonga meza na kusema "haya". Nilizilinganisha kwa ule mlio wa kugonga meza, nikabonyeza.

Mama alikuwa hajawahi kuusikia. Hilo halikuwa limenijia akilini. Aliutunga kichwani, akauimba robo kwa robo, na kabla kwaya haijaumudu ukurasa ukafungwa. Sasa akajisikia wanne kwa pamoja, akijiitikia mwenyewe, sauti yake nzima, kabla ya kisu. Alisikiliza huku mikono ikiwa imetulia kwenye ungo. Ulipokwisha hakuniambia niurudie.

"Ya pili inakimbia kwenye ubeti wa tatu," alinong'ona hatimaye. Kisha akapangusa macho kwa aproni.

Alikuwa bado hajaamua jinsi ya kuugawa wakati simu yake ilipolia. Mzee wa Kimilili.

"Mwalimu! Kumbe hawa wa second ndio walikuwa wanatuvuruga!"

Mama akanigeukia. "Amesikia wapi ya pili?"

Nilitazama folda. Wimbo mzima niliouhifadhi ulikuwa umeshakwenda kwa kila simu iliyounganishwa: Kitale, Kimilili, Kamukuywa, mpaka Lwakhakha pengine.

"Nani ameruhusu?"

"Hakuna mtu, mama. Hakuna wa kuruhusu."

Nilidhani atakasirika, na alikasirika. Aliniuliza kama naweza kuurudisha. Nikasema siwezi, si kutoka kwa wote. Akaniuliza hiyo ni tofauti gani na wale waliomfungia: wao walifunga bila kumwuliza, mimi nimefungua bila kumwuliza. Nimelifikiria swali hilo mara nyingi tangu siku ile. Siku ile nilisema tu, "Tofauti ni kwamba unao."

Jumamosi kwaya ilikutana kanisani Kimilili, na wengi walikuwa wamekuja mapema. Yule wa Lwakhakha naye alikuja, bila kualikwa na mtu. Walisimama, mama akainua mkono, wakaanza. Hadi ubeti wa pili walikuwa wazuri ajabu. Kwenye wa tatu wote wa sauti ya pili wakapanda juu, wakaifuata ya kwanza kama kondoo, jinsi hasa alivyokuwa akitabiri miaka yote. Kijana wa boda akaanza kucheka. Mama akawasimamisha, akanitazama mimi, niliyekuwa kwenye benchi la nyuma.

"Hao ndio mtandao wako," akanong'ona, na watu wakawa kimya ili kumsikia.

"Mwalimu," akasema mzee kutoka mstari wa besi, "wacha tuimbe vibaya leo. Wimbo tuko nao."

Mama akamshika mkono yule mama wa Kamukuywa, akamtoa kwenye mstari, na kumsimamisha upande wa pili wa kanisa, mbali na sauti ya kwanza, na wengine wa sauti ya pili wakamfuata huko wakiburuta viti.