Kupiga Picha Usiku Usio na Mwezi

Siku yangu ya kwanza kazini, Mpiga Picha Mkuu hakuniuliza kama najua kamera. Aliniuliza kama naogopa giza. Ofisi ilikuwa Kinondoni, kampuni ya kutengeneza kalenda na vitabu vya picha kwa watalii.

"Siogopi, mzee," nilijibu.

"Na kutulia mahali pamoja, binti, unaweza?"

Nikasema naweza. Wanaonijua watacheka. Nyumbani kwetu Keko mama alikuwa akisema mtoto huyu ana sisimizi miguuni.

Kazi yenyewe ilikuwa kupiga picha anga la usiku kwenye nyika kame ya kaskazini, karibu na ziwa la magadi, ambako ardhi ni majivu na mawe, jangwa kasoro jina. Unaifunga kamera kwenye miguu mitatu, unafungua shata, yaani kilango cha kupitisha mwanga, halafu unakiacha wazi hata saa nzima. Dunia inazunguka, nyota zinachora mistari kwenye filamu. Ukikanyaga kwa nguvu karibu yake, mistari inatikisika na kazi imeharibika. Kwa hiyo nilijifunza kwenda kuhangaika mbali, huku na huko gizani, nikiwaogopa fisi na kuogopa kusimama vilevile.

Adui yetu mkubwa alikuwa mwezi. Ukiwaka, nyota zinafifia, ndiyo maana safari zilipangwa mwezi unapokwisha na mwingine unapoanza. Mkurugenzi, ambaye hakuwahi kulala kwenye hema hata siku moja, alikuwa na msemo wake: "Mwezi haupo, kazi ipo." Aliyelelewa kama mimi ameshaelewa. Idd huingia mwezi unapoandama, na usiku huo ndio wenye giza zuri kuliko yote. Wenzangu wengi walikuwa Wakristo kutoka kusini, na hawakuliona jambo hilo mpaka nilipowaambia. Krismasi yao mwaka huu inaangukia mbalamwezini, mwaka mwingine gizani. Idd yangu ilikuwa gizani kila mwaka.

Nilizoea, au nilijidai kuzoea. Kisha ukaja mwaka ambao moyo wa mama ulichoka kabisa, na daktari akatuambia tusiwe mbali naye. Mfungo ulipokaribia kwisha mama akaniita.

"Saada, mie sitaki nguo wala nini. Idd hii nataka nikuone."

Nilimwomba Mkurugenzi ruhusa. "Kitabu kinangoja jalada," alisema bila kuinua macho. "Ukitaka kubaki, baki moja kwa moja." Mshahara wangu ndio uliokuwa ukinunua dawa za mama. Nikaenda, nimekasirika, na nimepiga hesabu zetu za nyumbani: mwezi uliotangulia ulikwisha siku ishirini na tisa, basi huu utatimiza thelathini, nami nitawahi.

Jioni ya ishirini na tisa Mpiga Picha Mkuu alinyoosha kidole magharibi. "Kile si mwezi?"

Ulikuwa mwezi, mwembamba kama ukucha uliokatwa. Nilipanda juu ya gari kutafuta mtandao, nikampigia mama.

"Mama, umeandama."

"Huku mawingu matupu, watu wamekaa na redio wanasubiri watangaziwe. Umeuona kwa macho au kwa hiyo kamera yako?"

"Kwa macho, mama. Kesho Idd na mie niko huku."

"Sasa unalia nini? Maliza kazi, uje."

Tulingoja mwezi uzame, tukafungua shata. Sijapata kuona saa ndefu kama ile. Nilikwenda, nikarudi, nikakaa, nikainuka. "Binti," Mpiga Picha Mkuu aliniambia, "leo utatikisa mpaka mlima." Lakini alipofunga shata alimwamsha dereva anipeleke Arusha usiku uleule. "Mkurugenzi niachie mimi," alisema.

Alfajiri nikapanda basi. Tulipopita Moshi wanaume walikuwa wamevaa kanzu wakienda kuswali, watoto nguo mpya, na mimi nina vumbi la magadi mpaka kwenye nyusi. Nilihangaika kwenye kiti mpaka abiria wa pembeni akahama. Tulishuka Ubungo giza limeshaingia, na nilipofika Keko majirani walikuwa wanamalizia kuosha vyombo.

Mama alikuwa ameketi kitandani na kanga mpya, sahani ya pilau imefunikwa mbele yake. Dada yangu akaninong'oneza kwamba kutwa amegoma kula.

"Idd ya watu imepita asubuhi," mama alisema. "Yangu ilikuwa kwenye basi. Kanawe."

Tukala kwenye sahani moja. Mfungo uliofuata hakuufikia.

Picha ile ilikuwa jalada, na nzuri kweli. Niliendelea na kazi mpaka filamu zikaisha zikaja kamera za kidijitali, zinazoona kwa nusu dakika tulichokingojea saa nzima. Vijana wakiniuliza, nawaambia wajifunze kalenda ya mwezi kwanza, na wajue nyumbani siku hiyo kuna nini. Wanaitikia tu, wanataka kujua lenzi.

Sasa nimestaafu, naishi Kimara, ambako taa zimezimeza nyota. Giza la mwezi likifika bado situlii: natoka uani, narudi, nahamisha viti visivyo na kosa. Idd zote nipo. Wanangu na wajukuu wakija wananikuta nimeshavaa, nimeshapika. Wanaonipenda ni wengi, namshukuru Mungu. Anayenisubiri nifike hayupo.