Pombe ya Pole

Nyangau wa Kebirigo hakuwa mlevi, na yeyote atakayekuambia alikuwa mlevi, mwulize alimwona wapi. Alikuwa mpishi. Kwa miaka tisa alimpikia Mwingereza mmoja, Bwana Hoskini, aliyeletwa kuwafundisha watu wa Nyamira kupanda majani chai, na katika miaka hiyo yote alionja pombe mara moja. Glasi moja tu, nayo ilimvunjia nyumba.

Bwana Hoskini alijipikia pombe ya kwao katika stoo nyuma ya jikoni, kwa kimea kilichotoka Ulaya ndani ya mikebe. Nyangau aliosha chupa, akachemsha maji, akakoroga alipoambiwa akoroge, wala hakulamba hata mwiko. Alikuwa Msabato, tena shemasi. Pombe kwake ilikuwa kazi ya mikono kama kusafisha choo: unafanya, unanawa, unakwenda kusali.

Lakini macho hayana pazia. Aliona kwamba kila jioni bwana wake, aliyefiwa na mkewe, alijimiminia glasi moja, akaiweka mbele ya picha ya marehemu, kisha akainywa taratibu. Siku moja Nyangau alimwuliza ile ilikuwa pombe gani. Hoskini, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, alifikiri kidogo akasema, "Hii pombe pole."

Sasa, Kiswahili cha Nyangau nacho kilikuwa cha jikoni. Nyumbani kwake walisema Ekegusii kutoka asubuhi hadi usiku. "Polepole" alilijua, la kumwambia mtu asimwage supu. Lakini "pole" lenyewe, likisimama peke yake, kwake lilikuwa neno la msibani. Kumbe Wazungu wana pombe ya matanga, akawaza, na huyu maskini bado yuko matangani. Tangu siku hiyo akawa anamwekea glasi ile kwa heshima.

Mwaka wa 1966, miezi ya mvua, Loice alikufa. Alikuwa mtoto wa pekee wa Nyangau na mkewe Kemuma, umri wake miaka sita, na surua ilimchukua kwa siku nne. Nyangau hakulia. Alisimamia mambo: mbao za jeneza, shimo, wageni. Adhuhuri alipanda mlimani kwa bwana wake kuomba ruhusa kazini. Hoskini alimsikiliza, akaingia stoo, akatoka na chupa na glasi mbili.

"Pole, Nyangau," alisema. "Keti. Kunywa. Pombe pole."

Angefanyaje? Kwetu mtu akikupa mkono msibani ukaukataa, watu wanaanza kuulizana ulimfanya nini marehemu. Akaketi kwenye kiti cha bwana wake kwa mara ya kwanza. Pombe ilikuwa nyeusi kama strungi, chai isiyotiwa maziwa, haikuwa baridi, wala haikuwa kali hata kidogo. Ndani yake alionja mkate ulioungua pembeni, sukari guru kwa mbali, halafu kimea. Mama yake alikuwa akianika kimea cha wimbi uani, kabla kanisa halijaingia nyumbani kwao, na ladha ilikuwa ile ile. Ndipo machozi yakamtoka. Alilia mpaka glasi ikaisha, Mzungu akitazama nje ya dirisha, na aliposhuka mlima kifua chake kilikuwa chepesi.

Kemuma alikuwa ameketi sakafuni kando ya mwili wa mtoto. Alinusa, akainua uso.

"Umekunywa pombe, Loice akiwa amelala hapa?"

"Nimepewa pole," alisema Nyangau.

Tangu saa hiyo Kemuma hakumwita tena Baba Loice.

Sabato ya tatu, mzee wa kanisa aliyeitwa Machogu alilisoma jina lake kati ya waliotengwa. Hakuwa mtu mbaya, Machogu. Kuteleza si kuanguka, alimwambia. Sema umekosa, ubatizwe upya mtoni, yaishe. Kemuma naye alikuwa na sharti hilo hilo: hangekula naye meza moja mpaka atubu. Nyangau alitaka neno lile limtoke, kwa maana alimpenda mkewe kuliko alivyojua kusema, lakini lilimkwama. Atubu nini? Kwamba alifarijiwa? Watu walimletea ndizi, kuni na maombi, na aliyemfanya alie alikuwa mmoja. Basi miaka sita alikaa Sabato nje ya kanisa, kwenye jiwe chini ya dirisha, akiisikiliza sauti ya Kemuma katika nyimbo. Chakula aliwekewa kimefunikwa, akala peke yake.

Mwaka wa 1972 Hoskini alifunga mizigo arudi kwao. Wakiwa stoo wakipanga vyombo, Nyangau alisema, "Bwana, kule kwenu wapo watu wa kunywa nawe pombe ya matanga?"

"Matanga gani?"

"Hii. Pombe ya pole. Ile uliyonipa siku ya Loice."

Hoskini alikunja uso akikumbuka, kisha akatabasamu. "A, hapana. Pole maana yake si kali. Haina nguvu. Wazee wa kwetu wanakunywa wakitoka kazini. Siku ile nilikupa hiyo kwa sababu ndiyo ilikuwa karibu."

Nyangau alimaliza kufunga chupa, kila moja kwa gazeti lake, na hakuvunja hata moja. Aliumia, sikufichi. Aliumia kuliko siku ya kaburi.

Jioni alimkuta Kemuma shambani, kikapu mgongoni, akichuma chai. Alimweleza yote, neno kwa neno, akamwambia kwamba Sabato ijayo atasimama mbele ya Machogu. "Nilikosa," alisema. "Ilikuwa pombe tu."

Alidhani atafurahi. Kemuma aliendelea kuchuma, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi.

"Kali au si kali, wewe ulipewa kiti, ukapewa glasi, ukalia," alisema. "Ukarudi ukaniambia umepewa pole. Mimi ulinipa lini?"

Nyangau alitafuta. Alirudi nyuma mpaka kwenye mbao, shimo na wageni, akapita miaka yote sita mwezi kwa mwezi, na pole hiyo hakuiona mahali popote.

"Pole, Mama Loice," alisema.

"Asante," alijibu Kemuma, vile anavyojibiwa mgeni anayepita njiani, akahamia mstari wa pili.